Uzi: Katiba ya Marekani ni moja, mbona bastola halali Texas inageuka jinai New Jersey?

#1 Mvuta Mizigo

Wakuu, salaam.

Mimi ni dereva wa lori Marekani, naishi Texas, uraia nilishapata. Huku tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye sheria haijamzuia kumiliki bastola anaibeba bila kibali. Nikipata mzigo wa Louisiana, Mississippi, Alabama au Georgia, natembea nayo moyo mweupe. Balaa ni mzigo wa New Jersey, New York au Maryland. Bastola ni ileile na mimi ni yuleyule, ila nikivuka mpaka wa jimbo nimeshakuwa mhalifu.

Juni 2022 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bruen, majaji 6 dhidi ya 3: haki ya kubeba silaha haiishii mlangoni mwa nyumba yako. Kwenye vituo vya mafuta madereva tulishangilia, tukajua sasa nchi nzima itakuwa na sheria moja. Leo hii majimbo yale yale yana sheria mpya zinazobana karibu kama za zamani, kila sheria ina kesi, na kila mahakama ya rufaa ina jibu lake.

Hoja yangu: majaji wa mahakama za chini wamegoma kuitii Mahakama ya Juu. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na kesi, siyo mahaba ya chama.

#2 Gobore la Babu

Naweka kambi hapa. Wajuzi wa Marekani mje, sisi wa Songea tunasoma.

#3 Sanduku la Hoja

Mleta mada, umeshika ukweli kwa upande mmoja. Tuangalie kwanza nini hasa kiliamuliwa, maana hukumu za bunduki zinasimuliwa mtaani tofauti na zilivyoandikwa.

Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayotaja haki ya kumiliki na kubeba silaha, yamekuwepo tangu 1791, lakini Mahakama ya Juu ilitamka wazi kuwa ni haki ya mtu binafsi mwaka 2008 tu, kwenye kesi ya Heller. Jiji la Washington lilikuwa limepiga marufuku bastola tangu 1976. Heller alikuwa mlinzi, kazini anabeba bastola, nyumbani haruhusiwi. Akashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Ila Jaji Scalia aliyeiandika hukumu hiyo aliweka aya ambayo mashabiki wengi huiruka: kuwazuia wahalifu waliokwisha kuhukumiwa na wagonjwa wa akili, kuzuia silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali, na kuweka masharti ya biashara ya silaha, vyote havikuguswa. Mwaka 2010 kesi ya McDonald ikaupeleka msingi huo kwenye majimbo yote.

Baada ya hapo mahakama za chini zilijitengenezea utaratibu wa hatua mbili. Kwanza: je, sheria hii inagusa haki? Pili: ikiwa inagusa, usalama wa umma unaihalalisha? Kwa hatua hiyo ya pili serikali ilikuwa inashinda karibu kila mara. Bruen ndiyo iliyoifuta. Jaji Thomas akasema serikali ithibitishe kwamba sheria yake inaendana na desturi ya kihistoria ya Marekani ya kudhibiti silaha. Basi sasa majaji wanafukua sheria za kuhifadhi baruti za miaka ya 1700 na sheria za visu za miaka ya 1800, kisha wanajiuliza kama zinafanana na sheria ya leo ya magazini ya risasi 30. Majaji wawili wanasoma sheria ileile ya zamani, mmoja anaona inafanana, mwingine haoni. Huko siyo kugoma. Kipimo chenyewe hakisemi kufanana kwa kiasi gani kunatosha.

La mwisho. Bruen haikufuta vibali. Ilifuta sharti la New York kwamba mwombaji aeleze sababu ya pekee kwa nini yeye ahitaji kubeba silaha kuliko mwenzake. Alama za vidole, kuchunguzwa rekodi, mafunzo, vyote viliachwa. Kwa hiyo New Jersey kukudai kibali hakujapingana na Bruen. Texas kuamua kutodai ni hiari ya Texas.

#4 Mvuta Mizigo

Sanduku, shukrani, hapo kwenye kibali umeeleweka. Lakini hujanijibu kuhusu New York. Hukumu ilitoka Juni 23, na Julai 1 gavana alishasaini sheria mpya. Siku nane tu. Ikaorodhesha maeneo nyeti mpaka karibu jiji zima likawa nyeti: treni za chini, bustani, Times Square, kumbi za starehe. Mwombaji akatakiwa kutoa hata akaunti zake za mitandao ya kijamii. Mtu aliyeambiwa na mahakama kwamba amevunja katiba ndivyo anavyojibu?

#5 Binti Makunduchi

Assalaam aleikum. Mimi ni muuguzi Baltimore, chumba cha dharura, kwa hiyo nisameheni kama nitaongea kwa uchungu. Vijana wa risasi wanaletwa kwetu usiku na mchana, wengine hawajamaliza sekondari. Mnapobishana kuhusu baruti ya 1791 mimi naona damu ya mwaka huu.

Kaka Mvuta Mizigo, umetaka kesi. Maryland ilipiga marufuku bunduki za aina ya AR-15 mwaka 2013, baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa shuleni Sandy Hook, Desemba 2012. Sheria ile ikapingwa. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda ya nne, ambayo Maryland imo, majaji wake wote wakiwa wamekaa, ikaiacha isimame. Wapingaji wakakimbilia Mahakama ya Juu, nayo Juni 2025 ikakataa kuisikiliza. Majaji watatu, Thomas, Alito na Gorsuch, walitaka isikilizwe. Wa nne anayehitajika ili kesi ichukuliwe hakupatikana. Kavanaugh akaandika tu kwamba suala la AR-15 mahakama inapaswa kulichukua hivi karibuni.

Sasa kama mahakama za chini zimegoma, mbona mwenye mamlaka alipewa nafasi ya kuwarekebisha akaipitisha? Mimi nasema majimbo yanatunga sheria kwa sababu watu wake wanakufa. Kulinda uhai ndiyo kazi ya kwanza ya serikali yoyote.

#6 Paka wa Mjini

Mvuta Mizigo uliomba kesi, umeletewa kontena zima. Vuta mzigo huo kaka.

#7 Mto Athi

Nyinyi wote mmezunguka mbuyu. Mimi ni Mkenya, niko Atlanta mwaka wa kumi na kitu, nimeona mambo. Hii ni siasa ya uteuzi na pesa. Trump katika muhula wake wa kwanza aliteua majaji watatu wa Mahakama ya Juu: Gorsuch, Kavanaugh na Barrett. Bila hao hakuna Bruen. Halafu vikundi vya watetezi wa bunduki vinachagua mahali pa kufungua kesi. Ukitaka kuiangusha sheria ya serikali ya shirikisho unafungua Texas ili rufaa iende New Orleans, kanda ya tano. Ukitaka sheria isimame unaomba Mungu iangukie kanda ya tisa kule San Francisco.

Hata Heller hakujiotea kama uyoga. Kesi ile iliandaliwa na mawakili waliotafuta walalamikaji wenye sura nzuri mbele ya mahakama, na tajiri aliyeigharamia, Robert Levy, hakuwahi hata kumiliki bunduki.

Na ndiyo maana 2024 mahakama hiyohiyo ikaruhusu zile bampustoki, vifaa vya kuifanya bunduki ifyatue upesi, kwa Marekebisho ya Pili, baada ya watu 60 kuuawa Las Vegas. Nani atasema hapo ni sheria na si siasa?

#8 Sanduku la Hoja

Mto Athi, kuhusu Levy uko sahihi kabisa. Kuhusu bampustoki hapana, na kosa hili linasambaa sana.

Kesi ya Cargill, Juni 2024, haikugusa Marekebisho ya Pili hata kidogo. Swali lilikuwa: sheria ya 1934 inaitaja bunduki ya rashasha kuwa ile inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kitendo kimoja cha kifyatulio. Bampustoki inaifanya bunduki irudi nyuma na mbele upesi, kidole kinagonga kifyatulio tena na tena. Je, hicho ni kitendo kimoja au vingi? Majaji sita wakasema vingi, kwa hiyo ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ilivuka mamlaka yake ilipoipiga marufuku kwa kanuni ya Desemba 2018. Na kanuni ile ilitoka chini ya Trump mwenyewe. Bunge la shirikisho likitaka kesho kuzipiga marufuku kwa sheria, hukumu hiyo hailizuii.

Na kama ni siasa tupu, fafanua Machi 2025. Mahakama hiyohiyo, majaji 7 dhidi ya 2, ilikubali kanuni ya ATF ya wakati wa Biden kuhusu bunduki zinazouzwa vipandevipande ukaunganishe nyumbani, zisizo na namba. Mwandishi wa hukumu alikuwa Gorsuch, mmoja wa hao watatu uliowataja.

Wadau, tenganisheni aina mbili za kesi. Kuna zinazouliza "katiba inaruhusu?" na kuna zinazouliza "bunge liliipa idara mamlaka haya?" Ukizichanganya hutaelewa kwa nini mtu mmoja anashinda leo na anashindwa kesho.

#9 Mto Athi

Sawa wakili, hiyo ya rashasha nimeichukua. Lakini la kuchagua mahakama hujalijibu.

#10 Sanduku la Hoja

Silipingi. Lipo.

#11 Kinara wa Chicago

Naona mnaruka jambo ambalo kwetu Chicago huwezi kuliruka. Sheria za bunduki Marekani zina historia ya rangi, na historia hiyo ndiyo inayotumika sasa mahakamani na pande zote mbili.

Mwaka 1857, kwenye kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Taney alipokuwa anaeleza kwa nini mtu mweusi hawezi kuwa raia, mojawapo ya hofu alizozitaja ni kwamba angekuwa na haki ya kumiliki na kubeba silaha kokote aendako. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha 1865, na mwaka huohuo Mississippi ikatunga sheria ya kuwakataza waliokuwa watumwa kumiliki bunduki bila leseni. Mwaka 1967 kundi la wanaharakati weusi la Black Panther liliingia na bunduki kwenye jengo la bunge la California, na gavana Reagan, shujaa wa wahafidhina, akasaini sheria ya kuzuia kubeba bunduki zenye risasi hadharani. Je, sheria hizo ni "desturi ya kihistoria" tunayopaswa kuifuata, au ni aibu tunayopaswa kuikwepa?

Aliyeiangusha marufuku ya bastola ya Chicago mwaka 2010 alikuwa Otis McDonald, mzee mweusi mstaafu, mtaa wake umevamiwa na wahuni, nyumba yake imevunjwa mara kadhaa. Marufuku ilikuwepo tangu 1982. Wahuni walikuwa na bastola, yeye hana. Na kwenye Bruen, mawakili wa New York wanaotetea maskini waliiandikia mahakama wakimuunga mkono mlalamikaji, kwa sababu wateja wao waliokuwa wanafungwa kwa kubeba silaha bila kibali walikuwa karibu wote weusi na Walatino.

Kwa hiyo dada Makunduchi, ukisema majimbo yanalinda uhai nakuuliza: uhai wa nani, na anayefungwa ni nani?

#12 Binti Makunduchi

Kinara, yote uliyoandika ni kweli na nimeyasoma kwa heshima. Ila wanaoletwa kwangu na risasi ni weusi hao hao. Sheria mbaya ya zamani dhidi yao hainifanyi nione bastola nyingi zaidi mtaani kwao kuwa ndiyo fidia.

#13 Kinara wa Chicago

Hapo sina ubishi nawe dada, ila mzee McDonald naye alikuwa wa mtaa huohuo.

#14 Mwanachuo wa Minnesota

Habari wakuu. Samahani natoka kidogo nje ya mada. Mimi niko na visa ya masomo. Wenzangu wa bweni wamenialika wikiendi kwenye uwanja wa shabaha, unakodi bastola palepale unalenga karatasi. Sinunui, sibebi. Kuna tatizo?

#15 Sanduku la Hoja

Mdogo wangu, usiende kabla hujasoma hapa mpaka mwisho, na hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliye nchini kwa visa ya muda, ikiwemo ya masomo, kuwa na bunduki au risasi. Haisemi kumiliki tu. Kuishika uwanjani kunatosha. Kuna misamaha michache, unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo.

Kesi yenyewe ipo. Kijana kutoka Falme za Kiarabu alikuja Florida kwa visa ya masomo, akafeli, chuo kikamwondoa, visa ikaisha nguvu. Akaenda uwanja wa shabaha, akafyatua. Akafunguliwa mashtaka na kutiwa hatiani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kwa jina la Rehaif, na Juni 2019 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema serikali inapaswa kuthibitisha kwamba alijua yuko kwenye kundi lililozuiwa. Hilo lilimsaidia yeye kuhusu hatua hiyo ya kesi. Lakini zuio lenyewe liko palepale.

Na kwa mgeni adhabu haiishii gerezani. Kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kwa mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Waambie wenzako utakuja kuwapigia picha nje.

#16 Mwanachuo wa Minnesota

Aisee! Nimeshawaambia siendi. Mungu akubariki sana kaka.

#17 Kaka wa Uvira

Jambo ndugu zangu wote. Mimi ni Mkongomani, niliingia hapa Iowa kama mkimbizi kupitia kambi ya Nyarugusu, sasa niko na grinikadi. Nilienda dukani kununua bunduki ya kuwinda kulungu, muuzaji akaniambia wageni hawauziwi. Nilimwonyesha kadi, akakataa kabisa. Tena mbele ya watu. Nilirudi nyumbani na haya nyingi. Ile ni sheria ama ni roho yake?

#18 Sanduku la Hoja

Ndugu wa Uvira, pole. Mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua. Kwenye fomu ya ATF namba 4473 unajaza kwamba si raia na unaandika namba yako ya uhamiaji, pamoja na kitambulisho cha jimbo unaloishi. Duka lina hiari ya kutokuuza, lakini kukuambia kwamba ni sheria hapo hakusema kweli. Tafuta duka jingine.

Nakuonya jambo moja kwenye fomu hiyo: kuna swali la dawa za kulevya, na limeandikwa waziwazi kwamba bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho hata kama jimbo lako limeiruhusu. Mvutaji anayejaza "hapana" amesema uongo kwenye fomu ya serikali. Hata Hunter Biden, mtoto wa rais wa wakati huo, alitiwa hatiani Delaware Juni 2024 kwa swali hilohilo, kabla baba yake hajamsamehe Desemba. Na zuio hilo la watumiaji wa dawa nalo limepingwa: Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza kesi ya Hemani, inayotoka Texas.

#19 Kaka wa Uvira

Aksanti sana. Bangi mimi sijui hata harufu yake, niko mtu wa kanisa. Nitatafuta duka lingine. Lakini neno moja: mimi nilitoka mahali ambapo kila mwenye bunduki alikuwa ni serikali. Hapa naona watu wanabishana kwa karatasi na mahakama, hakuna anayemfukuza jaji porini. Nyinyi mnaona ni fujo, mimi naona ni amani.

#20 Gobore la Babu

Hiyo ya Kaka wa Uvira imenigusa.

Mimi huku Songea naomba kulinganisha. Babu yangu aliacha gobore la kufukuzia nguruwe shambani. Tulipotaka kulirithi tulianzia serikali ya kijiji, tukapanda mpaka polisi, maswali kila ngazi. Sheria yetu ya 2015 ya udhibiti wa silaha haikupi haki, inakupa ruhusa, na ruhusa inaweza kuondolewa. Katiba yetu haina neno bunduki. Kwa hiyo hakuna wa kumshtaki, ukinyimwa umenyimwa. Kuna wakati naona utaratibu wetu una akili kuliko wao, na kuna wakati nguruwe wamekula muhogo wote ndipo naona wao wana akili.

#21 Mto Athi

Babu, Kenya pia ni leseni na bodi yake. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwataka wenye leseni wote wahakikiwe upya, matajiri kwa wanasiasa wakapanga foleni. Fikiria rais wa Marekani aseme hivyo. Jua halijatua kungekuwa na kesi mia.

#22 Paka wa Mjini

Mto Athi ametoka Atlanta, amepita Songea, sasa yuko Nairobi. Mvuta Mizigo mpe lifti arudi kwenye mada.

#23 Mvuta Mizigo

Hahaha, anakaribia.

Nimesoma yote. Kuna jambo nataka kuongeza kwa madereva wenzangu. Iko sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda msafiri: bastola isiwe na risasi, ifungiwe kwenye kisanduku, isiwe ya kufikika ukiwa kwenye usukani. Mimi nikikaribia Maryland nasimama, natoa risasi, nafunga, nasonga. Kwa hiyo nimeandamwa na hofu lakini siko bila kinga. Hasira yangu ni ya yule mama wa Philadelphia, mwaka 2013, mwenye kibali halali cha Pennsylvania. Akavuka daraja kuingia New Jersey, polisi akamsimamisha kwa kosa dogo la barabarani, naye kwa uungwana akamwambia ana bastola na kibali. Akawekwa ndani, akakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mpaka gavana wa New Jersey, Christie, alipomsamehe 2015. Mama mwenye watoto, amesema ukweli mwenyewe!

#24 Sanduku la Hoja

Mkuu, nisikilize vizuri kwa usalama wako. Sheria ile ya 1986 inamlinda anayepita: anatoka mahali anaporuhusiwa kubeba, anaenda mahali anaporuhusiwa kubeba. Mzigo wako ukishushwa Newark ukalala hapo kusubiri wa kurudi, New Jersey imekuwa mwisho wa safari, na kinga ile haikufuniki.

Hata anayepita anaweza kunaswa. Abiria mmoja wa ndege kutoka Utah kwenda Pennsylvania aliikosa ndege ya kuunganisha pale Newark. Bastola ilikuwa imefungwa ndani ya begi alilolikabidhi kwa shirika la ndege. Akapewa begi lake, akaenda kulala hoteli, asubuhi alipolikabidhi tena na kusema lina bastola, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipowashtaki waliomkamata alishindwa: mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya kanda ya tatu ilisema usiku ule begi likiwa mikononi mwake hotelini alikuwa anaweza kulifikia. Ndege imechelewa, si kosa lake, bado kinga haikumfaa.

Omba kibali cha New Jersey kwa wasio wakazi, kama kazi yako inakupeleka huko mara kwa mara. Ni gharama na ni usumbufu, najua.

#25 Mvuta Mizigo

Hilo la kushusha mzigo sikuwahi kuambiwa na mtu. Na wanaoendesha njia ile ni wengi sana humu. Mods, kama inawezekana posti #24 ipandishwe juu.

Lakini ndugu yangu, si umenisaidia hoja? Haki gani ya katiba ambayo naiombea kibali kila jimbo? Nikienda kusali New Jersey siombi kibali.

#26 Kinara wa Chicago

Swali hilo mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts imeligusa Machi 2025, kesi mbili za wakazi wa New Hampshire siku moja. Kwenye moja ikasema utaratibu wa zamani, uliompa ofisa hiari ya kumnyima mgeni kibali, ulivunja katiba. Kwenye nyingine ikasema jimbo linaweza kumdai mgeni kibali ilimradi kila mwenye sifa anapewa. Kwa hiyo haki ipo na foleni ipo.

Hawaii wamekwenda mbali zaidi. Februari 2024 mahakama yao ya juu ilisema katiba ya jimbo haimpi mtu haki binafsi ya kubeba silaha, ikataja mpaka moyo wa Aloha, ule utamaduni wao wa upendo na amani. Pia walitunga sheria kwamba huwezi kuingia na silaha dukani au hotelini mpaka mwenye mahali akuruhusu waziwazi. Kanda ya tisa iliikubali Septemba 2024, wakati kanda ya pili ilishaikataa sheria ya New York inayofanana nayo. Mahakama ya Juu ilikubali kuisikiliza, ni kesi ya Wolford.

#27 Binti Makunduchi

Na msisahau kugoma hakuko upande mmoja. Missouri mwaka 2021 ilitunga sheria ya kuwazuia polisi wake kusaidia sheria za bunduki za shirikisho, idara itakayosaidia inalipa faini mpaka dola 50,000. Kanda ya nane iliiangusha Agosti 2024. Kaka Mvuta Mizigo, hao nao umewaweka kwenye kundi la waliogoma?

#28 Mvuta Mizigo

Nawaweka dada. Aliyegoma amegoma.

#29 Mto Athi

Narudi kwenye mada kabla Paka hajanitafutia basi. Chukueni sheria moja tu ya shirikisho: duka kutomuuzia bastola kijana wa miaka 18 hadi 20. Januari 2025 kanda ya tano New Orleans ikasema inavunja katiba. Juni 2025 kanda ya nne Richmond ikasema iko sawa. Sheria ileile, neno kwa neno, wala siyo majimbo mawili yenye sheria mbili. Sanduku unasema kipimo kibovu. Mimi nauliza: kama kipimo ndicho kibovu, mbona ukijua tu rais aliyewateua majaji wengi wa kanda fulani unaotea jibu mapema?

#30 Sanduku la Hoja

Hauotei daima. Kesi ya Rahimi ilitoka kanda hiyohiyo ya tano. Walisema mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumpiga mwenzi wake hawezi kunyang'anywa bunduki, kwa sababu hawakuona sheria kama hiyo enzi za waasisi. Juni 2024 Mahakama ya Juu ikawageuza, 8 dhidi ya 1, aliyebaki peke yake ni Thomas mwenyewe, mwandishi wa Bruen. Jaji Mkuu Roberts akaeleza kwamba hatafutwi pacha wa sheria ya zamani, inatafutwa kanuni iliyokuwa nyuma yake. Mtu aliyethibitika kuwa tishio kwa mwenzake alikuwa anadaiwa dhamana tangu zamani, hiyo inatosha. Jaji Jackson akaandika pembeni kwamba mahakama za chini zinahangaika kuitumia Bruen, na zinahitaji mwongozo.

Wanane kwa mmoja, wateule wa marais wa vyama vyote viwili. Wewe unaiitaje hiyo?

#31 Mto Athi

Naiita kesi ambayo mshtakiwa alikuwa amehusishwa na matukio kadhaa ya kufyatua risasi ovyo. Hakuna jaji aliyetaka sura yake iwe sura ya haki. Leta yenye mlalamikaji mpole tuone kama watakuwa wanane.

#32 Kinara wa Chicago

Ipo. Bwana wa Pennsylvania aliyetiwa hatiani 1995 kwa kudanganya kipato ili apate msaada wa chakula. Hakuwa na silaha, wala hakumpiga mtu. Kwa sababu kosa lile liliweza kumfunga zaidi ya mwaka, alikatazwa bunduki maisha. Kanda ya tatu ikampa ushindi 2023, ikarudiwa baada ya Rahimi, ikampa tena Desemba 2024. Kanda nyingine zinasema aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa amezuiwa, basi, bila kuangalia alifanya nini. Nani anasema kweli hapo, Mto Athi, na chama chake ni kipi?

#33 Binti Makunduchi

Huyo mie ningempa bunduki yake ya kuwindia. Shida yangu haijawahi kuwa mtu wa namna hiyo. Nauliza tu mtu aniambie ni sheria ipi kati ya hizi zote ingemzuia kijana niliyempokea juzi, na ni mahakama ipi ingeiacha isimame. Naingia zamu, nitasoma majibu asubuhi.